SOMO LA MAPATO: MSAMAHA KWA WALIOFICHA MAPATO YAO

Maneno "msamaha wa kodi" yamebeba maana mbili katika lugha yetu, na aghalabu maana hizo huchanganywa hata na watumishi wanaoshughulika na majalada ya mapato kila siku. Maana ya kwanza ni ile ya mtu au taasisi kuondolewa wajibu wa kulipa tangu mwanzo, kama vile mwekezaji anapoingiza mitambo au hospitali inapopokea vifaa vya msaada. Huyo hakukosa lolote. Sheria yenyewe imemtoa katika orodha ya wanaodaiwa. Maana ya pili, ambayo ndiyo maudhui ya somo hili, inamhusu mtu aliyekuwa akidaiwa, akanyamaza. Serikali humfungulia mlango kwa muda maalumu, humtaka ajitokeze mwenyewe na kueleza mapato aliyoyaficha, hulipwa kiasi kilichotajwa, na kwa sababu hiyo humwondolea adhabu au humwepusha na mahakama.

Tofauti hii haina budi kushikwa vyema, kwani malalamiko ya wananchi kuhusu misamaha ya aina ya kwanza mara nyingi huelekezwa, kwa kutojua, kwenye misamaha ya aina ya pili. Yapo maswali ya haki katika aina zote mbili, lakini si maswali yale yale.

Deni la kodi iliyofichwa huwa na mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kodi yenyewe, yaani kiasi ambacho mtu angelilipa lau angetangaza mapato yake kwa wakati wake. La pili ni riba, ambayo ni malipo ya muda fedha hizo zilipokaa mikononi mwake badala ya Hazina. La tatu ni adhabu, na hiyo ndiyo malipo ya kosa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anayo nyumba ya wageni katika kijiji cha pwani, na kwa miaka kadhaa hakuonyesha mapato ya vyumba vyake. Akikaguliwa leo, kodi anayodaiwa ni shilingi 8,000,000, riba imefika shilingi 3,000,000, na adhabu ni shilingi 4,000,000. Jumla ni shilingi 15,000,000. Msamaha wa adhabu peke yake utamwachia alipe shilingi 11,000,000. Msamaha wa adhabu na riba utamwachia alipe 8,000,000. Iwapo Serikali itakubali kupokea, tuseme, shilingi 2,000,000 na kufunga jalada, basi hapo imesamehe sehemu ya kodi yenyewe.

Mambo hayo matatu hayana uzito mmoja. Kusamehe adhabu ni huruma. Kusamehe riba ni sawa na kumkopesha mtu fedha za umma kwa miaka kadhaa bila ya faida. Kusamehe kodi yenyewe ni kumpa zawadi aliyekwepa, zawadi ambayo jirani yake aliyelipa kwa wakati hakuipata na hataipata. Kwa hiyo mtumishi au mwananchi anaposikia kuwa nchi fulani imetangaza msamaha, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: kilichosamehewa ni fungu lipi?

Sababu za Serikali kutoa msamaha wa aina hii si ngumu kuzifahamu. Anayeficha mapato mwaka mmoja huogopa kuyaonyesha mwaka wa pili, kwa kuwa kuyaonyesha ni kujifichua kwa mwaka uliopita. Hivyo kila mwaka unaopita hulikuza deni na kuizidisha hofu, hata mtu ambaye sasa angependa kulipa hujiona hana njia ya kurudi. Msamaha humpa njia hiyo. Faida ya pili, ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko fedha zinazoingia siku ile, ni kwamba jina lake huingia katika daftari, na mwaka unaofuata atatarajiwa kuleta hesabu kama wengine. Ipo sababu ya tatu, ambayo haitajwi sana katika hotuba: Hazina huwa imepungukiwa, na msamaha huleta fedha kwa haraka bila ya kuongeza kodi mpya. Msamaha unaotolewa kwa sababu hii ya tatu pekee ndio wa kuangaliwa kwa uangalifu zaidi.

Mfano unaofaa kusomwa kwa utulivu ni wa Ireland, kwa kuwa nchi hiyo ilitoa misamaha miwili ndani ya miaka mitano, na matokeo yake yakatofautiana sana.

Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wa mishahara nchini Ireland walikuwa wamechoka. Kodi yao ilikatwa na mwajiri kabla mshahara haujawafikia, kwa utaratibu ule ule ambao sisi tunauita Lipa Kadiri Upatavyo, ilhali wafanyabiashara, wenye fani za kujitegemea na wakulima wakubwa walilipa kidogo au walichelewa miaka. Mwaka 1979 na tena Januari 1980 mamia ya maelfu ya wafanyakazi waliandamana katika miji ya nchi hiyo, wakidai mzigo ugawanywe kwa haki. Hawakudai kutolipa; walidai na wengine walipe. Hilo liliwekwa akilini na serikali zilizofuata.

Katika bajeti ya mwaka 1988 Waziri wa Fedha, Ray MacSharry, alitangaza kuwa kila mwenye malimbikizo ya kodi aweza kuyalipa hadi tarehe 30 Septemba 1988 bila ya riba wala adhabu. Kodi yenyewe ilibidi ilipwe yote. Serikali ilikadiria kupata kiasi cha pauni milioni 30 za Ireland. Zilizoingia zilikaribia pauni milioni 500. Watu walipanga foleni katika ofisi za kodi siku za mwisho, na waliokadiria milioni 30 walikuwa na kazi ya kueleza ni vipi wamekosea kwa kiasi hicho.

Wengi waliosimulia habari hiyo baadaye walieleza ukubwa wa fedha na kuishia hapo. Lililo muhimu zaidi ni kile kilichofanyika pembeni ya msamaha. Mwaka ule ule nchi hiyo ilianza kuwahamishia waliojiajiri katika utaratibu wa mlipakodi kujikadiria mwenyewe, na hivyo maofisa waliokuwa wakipoteza siku zao kubishana juu ya makadirio wakaachiliwa wafanye ukaguzi. Sheria iliwapa wakusanyaji uwezo wa kuzuia fedha za mdaiwa zilizo mikononi mwa mtu mwingine, kwa mfano benki au mteja anayemdai. Majina ya waliopatikana na hatia au waliolipa baada ya kukaguliwa yalikuwa yakichapishwa. Kwa hiyo aliyesoma tangazo la msamaha alisoma pia, katika magazeti yale yale, kuwa baada ya Septemba mambo yatabadilika. Alipewa njia ya kutokea, na akaona kwa macho yake kuwa mlango unakaribia kufungwa.

Mwaka 1993 ulitangazwa msamaha mwingine. Safari hii mtu aliyeficha mapato ya miaka iliyoishia Aprili 1991 aliruhusiwa kulipa asilimia 15 ya mapato hayo na kuwa huru kwa kodi, riba na adhabu. Wakati huo mfanyakazi wa mshahara aliyefikia kiwango cha juu alikuwa akikatwa asilimia 48. Ofisi maalumu iliundwa kupokea maombi kwa siri, mbali na wakaguzi wa kawaida, na aliyelipa alipewa hati ambayo angeweza kuitoa iwapo mkaguzi angegonga mlango wake. Fedha ziliingia, lakini hasira nazo ziliingia. Mwalimu wa skuli na muuguzi, ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kuficha hata senti moja, walijiuliza ni kwa kosa gani walitozwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha aliyekwepa. Hilo si swali la wivu. Ni swali la hesabu, na hakuna aliyelijibu vizuri.

Kisha yakaja mambo ambayo hayakuwa katika hesabu za wapangaji. Tangu mwaka 1986 benki za Ireland zilipaswa kukata kodi katika faida ya amana za wakaazi, na kuwaachia wageni wasiokaa nchini. Mgeni alitia saini fomu ya kueleza kuwa anakaa nchi za nje, na hapo akaunti yake haikukatwa kitu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kuwa akaunti nyingi za "wageni" hao zilikuwa za wakaazi wa kawaida, watu wa mji ule ule wenye benki, walioandika anwani za uongo, na wako mameneja wa matawi waliolijua hilo. Mwaka 1999 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya uwenyekiti wa Jim Mitchell, iliwahoji mabwana wa benki hadharani, na wananchi wakafuatilia katika televisheni. Benki na taasisi nyengine za fedha zikalipa zaidi ya pauni milioni 170 za kodi, riba na adhabu.

Walibaki wenye akaunti wenyewe. Mwaka 2001 Mamlaka ya Mapato ya Ireland iliwapa muda wa kujitokeza hadi tarehe 15 Novemba, lakini masharti yake hayakuwa laini kama yale ya 1993. Kodi yote ilipwe, na juu yake riba na adhabu zisizozidi kiasi cha kodi yenyewe. Yaani mtu angeweza kulipa maradufu. Alichokipata kwa kujitokeza ni kwamba hatashitakiwa na jina lake halitachapishwa. Zaidi ya watu 3,600 walijitokeza, na wakalipa zaidi ya euro milioni 220. Walikuja kwa sababu walijua kuwa vitabu vya benki viko mikononi mwa wakaguzi. Tunaomba msomaji alinganishe hali hizo mbili: mwaka 1993 mkwepaji alibembelezwa kwa bei ndogo, na bado wengi hawakusogea, mwaka 2001 aliwekewa bei kubwa, akaja mwenyewe. Kilichobadilika ni uwezekano wa kugunduliwa.

India nayo ina funzo lake, japo tutalipitia kwa ufupi. Katika mwaka 1997, kuanzia Julai hadi Disemba, ilitekeleza mpango wa kutangaza mapato kwa hiari ambapo mtu binafsi alilipa asilimia 30 na kampuni asilimia 35. Watu zaidi ya laki nne walijitokeza. Lakini ndani ya mpango huo kulikuwa na kifungu kilichoruhusu vito na fedha vilivyopatikana kabla ya Aprili 1987 vithaminiwe kwa bei za mwaka huo wa 1987. Bila ya shaka msomaji ameshaona kilichofuata: ghafla mapambo mengi yakawa ni ya urithi wa zamani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo alilikosoa vikali jambo hilo. Serikali ya India iliahidi mbele ya Mahakama ya Juu kuwa haitatoa tena msamaha wa aina hiyo. Mwaka 2016 ulipotangazwa mpango mwingine, kiwango chake kilikuwa asilimia 45, juu kuliko kodi ya kawaida, na Serikali ilisisitiza kuwa huo si msamaha.

Tukirejea nyumbani, Tanzania ilitoa msamaha wa riba na adhabu katika mwaka wa fedha 2018/19. Kabla ya hapo Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania hakuweza kusamehe zaidi ya nusu ya riba na adhabu. Marekebisho ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, yaliruhusu msamaha wa hadi asilimia 100 kwa kipindi hicho, na maombi yalipokelewa kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Novemba 2018. Kodi yenyewe haikusamehewa. Aliyekubaliwa alipaswa kulipa msingi wa deni lake, kwa mkupuo au kwa awamu. Madeni yaliyotokana na biashara haramu na utakasishaji wa fedha hayakuhusika. Kwa kipimo tulichokieleza hapo juu, huo ulikuwa msamaha wa aina iliyo karibu na ule wa Ireland wa 1988, si wa 1993.

Jirani zetu wa Kenya walitumia ngazi. Mpango wao wa kutangaza kodi kwa hiari ulianza tarehe 1 Januari 2021 na kudumu miaka mitatu, ukihusu madeni ya miaka mitano iliyoishia Juni 2020. Aliyejitokeza na kulipa katika mwaka wa kwanza alisamehewa riba na adhabu zote. Katika mwaka wa pili nusu. Katika mwaka wa tatu robo. Utaratibu huu una busara, kwa kuwa anayechelewa hulipia kuchelewa kwake. Bahati mbaya ngazi hiyo haikuachwa ifanye kazi yake. Mpango ulikuwa bado haujamalizika pale sheria ya fedha ya 2023 ilipoleta msamaha mwingine wa asilimia 100, ulioanza Septemba 2023 hadi Juni 2024, na ukafuatwa na mwingine uliokwenda hadi Juni 2025. Aliyeharakisha mwaka 2021 na aliyengoja miaka mitatu wakajikuta sawa, pengine aliyengoja akiwa na nafuu kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikizunguka katika biashara. Mfanyabiashara ana akili ya kukumbuka. Akiona mvua ya msamaha inanyesha kila msimu, hatalima wakati wa kiangazi.

Hapa Zanzibar mambo yana sura yake, kwa sababu mlipakodi hukabiliwa na mamlaka mbili. Kodi ya mapato imo katika orodha ya Mambo ya Muungano, na hukusanywa hapa Visiwani na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 11 ya 1995. Kodi za ndani zisizo za Muungano, ikiwemo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Zanzibar, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo kabla ya mwaka 2022 ikijulikana kama Bodi ya Mapato. Kwa mintarafu hiyo, msamaha unaotangazwa na mamlaka moja haupaswi kudhaniwa kuwa unafuta madeni ya mamlaka nyengine. Mwenye nyumba ya wageni wa mfano wetu anaweza kuwa na deni la kodi ya mapato upande mmoja na deni la kodi za wageni upande wa pili, na kila moja lina sheria yake, fomu yake na tarehe yake. Wako wanaosoma tangazo moja wakafunga madaftari yote mawili.

Tumemtaja mwalimu na muuguzi wa Ireland kwa kuwa hali yao inafanana na ya wasomaji wetu wengi. Mtumishi wa Serikali hukatwa kodi kabla ya kuuona mshahara. Hana malimbikizo, na kwa hiyo hakuna msamaha utakaomfikia. Ana haki ya kuuliza, kila msamaha unapotangazwa, kama kodi yenyewe italipwa yote na kama ukaguzi utafuata baada ya muda kwisha. Maswali hayo si utovu wa nidhamu kwa mtumishi. Ni sehemu ya kazi yake, hasa akiwa katika idara inayotayarisha au kutekeleza amri hizo.

Lakini tuseme na upande wa pili. Wako watumishi wenye nyumba za kupangisha, gari za abiria, maduka yanayosimamiwa na jamaa, au kazi za ushauri baada ya saa za ofisi. Kodi iliyokatwa katika mshahara haikuyagusa mapato hayo. Pango ni mapato, na faida ya biashara ni mapato, hata kama biashara ina jina la mke au la mtoto na fedha zinaingia mkononi bila ya stakabadhi. Mtumishi wa namna hii, anapolalamikia wakwepaji, yampasa kwanza ayaangalie mapato yake ya jioni.

Kwa mwenye mapato ya aina hiyo ambayo hajayatangaza, kutokuwapo kwa msamaha uliotangazwa hakumaanishi kuwa hana njia. Sheria ya kodi inatofautisha kati ya anayejitokeza kabla ya kugunduliwa na anayekutwa na mkaguzi, na adhabu ya wa kwanza huwa nyepesi kuliko ya wa pili. Sheria inamruhusu pia kuomba muda na kulipa kwa awamu anapoonyesha kuwa hawezi kulipa kwa mara moja. Anachotakiwa ni kufika katika ofisi ya kodi akiwa na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, mikataba ya pango au daftari la mauzo kwa kila mwaka unaohusika, taarifa za benki ikiwa zipo, na stakabadhi za matumizi yanayokubalika kupunguzwa. Pale ambapo daftari halipo, aandike kwa mkono wake makisio ya kila mwaka na namna alivyoyafikia, ayatie saini, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe, kwa kuwa iwapo patatokea ubishi baadaye, tarehe ya muhuri huo ndiyo itakayoonyesha nani alimtangulia mwenzake, yeye au mkaguzi.